Kutoka Reli hadi Stesheni

Shule ya msingi niliyosoma Newala haikuwa na kengele. Ilikuwa na reli. Kilikuwa kipande cha chuma kizito, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, kimening'inizwa kwa waya kwenye tawi la mwembe nje ya ofisi ya walimu. Kiranja wa zamu alikipiga kwa nondo: mara moja kubadilisha kipindi, mara nyingi mfululizo kuita watoto mstarini. Nilipokuwa darasa la sita zamu ilikuwa yangu. "Nenda kapige reli," mwalimu alikuwa akisema, nami nikakimbia. Niliipiga mwaka mzima bila kujiuliza neno hilo lina maana gani. Kwangu reli lilikuwa jina la kengele.

Newala haijawahi kufikiwa na treni. Mji wetu uko ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale tunapopaita Shimo la Mungu, ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na chini kabisa unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Ni mahali ambapo hata maji yalipanda kwa shida. Bibi zetu waliyafuata chini bondeni na kuyapandisha kichwani. Mimi treni niliiona kwa mara ya kwanza nilipokwenda Dar es Salaam kusoma chuo, nikiwa na miaka ishirini. Tulikuwa tumesimama kwenye kivuko cha reli tukingoja ipite. Ilipopita nilitazama chini, nikaiona reli yenyewe ilipokatwa ubavuni: kichwa kinene, kiuno chembamba, unyayo mpana. Nikasema kwa sauti, "Hii ni kengele yetu." Rafiki yangu alicheka hadi akakaa chini.

Miaka michache baadaye, nilipotakiwa kuchagua mada ya tasnifu ya shahada ya uzamili ya historia, nilikuwa tayari na swali. Kengele yetu ilipandaje Newala?

Jibu fupi ni karanga. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na watu wake walikuwa bado wanapimiwa chakula kwa mgao. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, katika mashamba makubwa kuliko yoyote yaliyowahi kuonekana huku. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi na kurudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu. Serikali ya chama cha Labour, kupitia waziri wa chakula John Strachey, iliukubali. Maeneo matatu yalichaguliwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Sehemu kubwa zaidi ilitengewa Jimbo la Kusini, yaani kwetu.

Lakini kusini hakukuwa na njia ya kutolea mzigo. Wajerumani walikuwa wamewahi kupima reli kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, nayo ikabaki kwenye karatasi. Bandari ya Lindi ina maji mafupi, meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Basi mpango wa karanga ukawa pia mpango wa reli na bandari. Reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori ya Lindi, ikaingia bara kufuata bonde la Lukuledi hadi Nachingwea, na kufikia mwaka 1949 treni zilikuwa zinatembea. Wakati huohuo kazi ilikuwa inaendelea Mtwara, karibu na mji wa kale wa Mikindani, ambako maji ni ya kina na meli kubwa ingeweza kufunga gatini. Kutoka huko reli nyingine ingekuja kuungana na ile ya Lukuledi. Njia ya Mtwara hadi Nachingwea ingekuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 200.

Kilichozipata karanga kinajulikana. Mashine zilikuwa mabaki ya vita. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka iliyashinda majembe, udongo wa Kongwa uligeuka kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua haikusoma mpango. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, ikiwa imepoteza zaidi ya pauni milioni 35.

Karibu kila nilichosoma maktaba kuhusu jambo hili kimeandikwa kuhusu London. Alan Wood, aliyekuwa ofisa habari wa shirika lililoendesha mpango, alitoa kitabu chake mwaka 1950, kabla hata mpango haujafa rasmi, na tangu hapo hadithi imekuwa ileile: waziri aliyedanganyika, fedha za walipa kodi, kichekesho bungeni. Reli ya kusini hutajwa kwa sentensi moja, kama kipande cha kichekesho hicho. Na kweli tarehe zake zinachekesha. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na reli yake ikaunganishwa na njia ya Nachingwea. Reli ya karanga ilikamilika miaka mitatu baada ya karanga kufa.

Hata hivyo haikung'olewa papo hapo. Iliendeshwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalikuwa Nairobi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaongezewa tawi la kwenda Masasi. Treni ikafika chini ya milima ile ya mawe ambako mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaweka watu waliokombolewa utumwani aliotoka nao Zanzibar. Halafu, mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru, njia nzima ilifungwa, na reli zikafunguliwa boliti moja baada ya nyingine.

Nilipoandika pendekezo la tasnifu niliandika sentensi hii: "Reli ya Jimbo la Kusini ilikufa kwa kukosa mzigo." Niliipenda. Ilikuwa fupi, na kila nilichosoma kiliiunga mkono. Nikafunga begi nikaenda kuifuata reli isiyokuwepo.

Nilianzia Mtwara, kwa kuwa Mtwara kuna kata inayoitwa Reli. Nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke. Alinishusha kwenye makutano yenye maduka, fundi cherehani na mama aliyekuwa anakaanga mihogo.

"Reli yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

"Hapa ndipo Reli."

"Nina maana ya reli ya treni."

Alinitazama kwa huruma. "Dada, Mtwara hakuna treni."

Kutoka hapo nilipanda basi hadi Nachingwea, upande wa pili wa njia, kwa kuwa Nachingwea nako kuna kata inayoitwa Stesheni. Ina ofisi ya kata, ina wapigakura. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi kama ajua jina hilo limetoka wapi. "Stesheni ya treni," alinijibu, bila kuacha kazi. "Lakini mimi sikuikuta." Alilisema neno hilo kama mtu anavyomsema babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa: ni wa ukoo, ila hawakukutana.

Ndipo nikaelewa kwamba njia ile bado ina vituo vyake viwili vya mwisho. Ukitazama ramani ya kata, unaweza kusafiri kutoka Reli hadi Stesheni. Kilichokosekana ni chuma cha katikati. Nilitafuta hicho pia. Karibu na Masasi nilionyeshwa tuta refu lililonyooka mno kuwa la asili, limeota nyasi na mikorosho, na watoto wanapita juu yake kwenda shule kwa sababu wakati wa masika halina tope. Katika boma moja niliona mataruma ya chuma yamesimamishwa kuwa nguzo za zizi la mbuzi. Mwenye mbuzi alinihakikishia kwamba mchwa hawayawezi.

Mwisho nikapanda Newala kwa babu.

Babu mzaa mama amekaribia miaka tisini. Alikuwa kijana alipoteremka kutoka uwandani kwenda Masasi kutafuta kazi, akaandikwa kwenye gengi la reli. Kazi yao ilikuwa kutembea na njia: kukaza boliti, kusawazisha kokoto, kukata majani, kuangalia makalavati baada ya mvua. Nilijua tangu utotoni kwamba aliwahi "kufanya kazi ya njia," ila nilidhani ni barabara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea nini kutoka Dar?"

Nilimpa sukari na kanzu, tukataniana kidogo, kisha nikatoa karatasi zangu. Nilitaka kumfurahisha. Nikamsomea sentensi yangu.

Akanyamaza. Kisha akaniambia niisome tena.

"Nani kasema mzigo ulikosekana?"

Nikamweleza: mahesabu, ripoti, karanga.

"Karanga zilikuwa zao," alisema. "Zilikosekana karanga. Mzigo ulikuwa bado unakua."

Alinyoosha mkono kuelekea nje, na hakuna kitu nje ya nyumba ya babu ila mikorosho.

Inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu wa Masasi na Newala analijua na ambalo sikuliona kwenye sura yoyote kuhusu reli. Mkorosho haukupandwa kwa amri ya mpango wa karanga. Ulikuja pwani hii zamani na Wareno kutoka Brazili, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kando ya nyumba. Katika miaka ya 1950, wakati wataalamu wanakokotoa hasara ya Nachingwea, wakulima wa uwandani walikuwa wanaupanda kwa wingi katikati ya mihogo na kunde, kwenye mchanga ambao hakuna trekta lililoutaka. Mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na hufikia uzazi kamili baada ya miaka saba hadi kumi. Reli ya Mtwara ilitembea kuanzia 1954 hadi 1962. Ilipewa muda wa mkorosho mmoja kukua, kisha ikang'olewa mti ukiwa unachanua.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa zikitoka kusini. Wakati huo njia ilikuwa imeshatoweka kwa zaidi ya miaka kumi. Magunia yale yalishuka kwa malori, kwenye barabara za vumbi ambazo masika yalizifunga. Kwenda Dar es Salaam ilikuwa hadithi nyingine: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, abiria wa kusini walilala kivukoni Ndundu wakisubiri maji yapungue. Rais aliyelifungua, Benjamin Mkapa, alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alikuwa kijana wa Ndanda wakati reli inajengwa.

Nilipomwambia babu kuhusu tani 145,000, hakushangaa. Alishangaa kwamba mimi ndiyo kwanza nimejua.

Mwanafunzi wa historia hafundishwi kumwamini babu yake kwa kuwa ni babu yake, kwa hiyo nilikaa na hoja yake wiki kadhaa nikiipinga. Reli ina gharama kila siku: mafuta, mishahara, mataruma. Korosho ni mzigo wa msimu, kuanzia mwezi wa kumi hadi wa kwanza hivi. Miezi mingine treni ingetembea na nini? Mwaka 1962 mikorosho mingi ilikuwa bado michanga, na serikali mpya ya Tanganyika ilikuwa na shule na hospitali za kujenga. Tena, hata kama reli ingevumilia hadi mavuno makubwa, ingekutana na maporomoko yake. Baada ya watu kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wengi wakiwa mbali na mikorosho yao, na bei kushuka, na ugonjwa wa ubwiri unga kuingia, mavuno ya nchi yalianguka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Labda ingefungwa mwaka 1985 badala ya 1962. Siwezi kuandika kwamba waliofunga walikuwa wapumbavu. Walisoma daftari lililokuwa mbele yao.

Lakini nani aliyachora mistari ya daftari hilo? Reli ilijengwa ipimwe kwa mzigo wa mashamba ya London, na ilipofungwa ilihukumiwa kwa mzigo uleule. Babu alipoanza kunitajia alichokiona kikipanda na kushuka treni, niliishiwa kurasa: mihogo mikavu, ufuta, samaki wakavu wa Mtwara waliokuja bara, baiskeli, mabati, vijana waliokwenda kukata mkonge Lindi na Mikindani, wanawake waliobeba kuku kwenda kuwaona watoto wao waliolazwa misheni Ndanda. Mtu wa Nairobi akiangalia jedwali, hayo yote ni abiria wachache wa daraja la tatu na vifurushi. Mtu wa Masasi akiangalia, ni mji unaoanza.

Na kuna lisiloweza kuhesabiwa kabisa. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya reli kufungwa, vita vya ukombozi vilianza ng'ambo ya Ruvuma. Nachingwea, ile ya karanga, ikawa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Samora Machel aliishi huko. Silaha, chakula na watu wa vita vile walipita nchi yetu kwa malori. Hakuna daftari la mwaka 1962 ambalo lingekuwa na safu ya hilo. Nalitaja ili nijikumbushe kwamba aliyeing'oa reli aliamini anaujua wakati ujao wa mahali hapa, sawasawa na aliyeijenga.

Siku ya mwisho nilimwuliza babu swali lililonileta.

"Ile reli ya shuleni kwetu, nani aliipandisha?"

Akacheka hadi akakohoa. "Si mimi. Mimi ningebeba ile? Zilipanda vipande vingi. Kanisani kuna kimoja, shule zote zilitaka. Kile cha kwenu kililetwa na lori. Lori lilikuja kupakia korosho, dereva akaona asipande tupu."

Nikaacha kuandika. Kengele niliyoipiga darasa la sita ilipanda uwandani ndani ya gari lile lililochukua kazi yake, ili gari lishuke na mzigo ambao hesabu zilisema haupo.

Siku hizi linazungumzwa jambo jipya: reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, kwenye makaa ya mawe na chuma. Nilimwonyesha babu mstari huo kwenye simu. Aliusogeza kwa kidole kama mtu anayepangusa vumbi.

"Itabeba nini?"

"Makaa ya mawe, babu. Na chuma."

"Vya nani?"

Nikasema vya serikali, vya wawekezaji, vya nchi.

"Korosho je? Watu je?"

Nikasema bila shaka na watu watapanda. Hakunijibu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi imekuwa ikipata lami kipande kwa kipande. Mzigo wa babu umeshakua, na umejifunza kutembea bila treni. Wasiwasi wangu juu ya reli mpya, msomaji, si kwamba haitajengwa. Ni kwamba itajengwa kwa sababu ya kitu kimoja kilicho mbali, na siku kitu hicho kikishuka bei, mtu atafungua jedwali na kuona kwamba hakuna mzigo.

Niliporudi Dar es Salaam nilifuta sentensi yangu niliyoipenda. Iliyokaa mahali pake ni hii: "Reli ya Jimbo la Kusini ilifungwa kwa kukosa mzigo uliotarajiwa na walioijenga, wakati mzigo wa watu wa Masasi na Newala ulikuwa haujahesabiwa." Ni ndefu, na haipendezi kama ya kwanza. Msimamizi wangu ameizungushia duara na kuandika pembeni neno moja: ushahidi?

Ana haki. Neno la mzee mmoja halitoshi tasnifu. Gengi la babu lilikuwa na watu kumi na wanane, na anayepumua hadi leo ni yeye peke yake. Lakini anasema kuna fundi wa magengi ya upande wa Nachingwea ambaye huenda yu hai, na kuna mama aliyekuwa akiuza chai Masasi treni ilipoingia, ambaye anakumbuka ilibeba magunia ya nani. Nimekata tiketi ya basi la mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka. Babu ameniagiza kanzu nyingine na kuniambia nisichelewe.